Siri na Aibu

Siri ya serikali ikivuja, watu wengi huuliza, "Nani aliyeitoa?" Ni wachache waulizao, "Imesema nini?" Desturi hii ni mbaya, nami naipinga. Mtu akipiga kelele kuwa nyumba inaungua, mwenye akili hutazama moto kabla ya kumhukumu mpiga kelele.

Mwaka 1971 Daniel Ellsberg, aliyepata kuitumikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani, aliwapa waandishi wa magazeti sehemu kubwa ya hati ya siri juu ya vita vya Vietnam, yenye kurasa 7,000 hivi. Hati ile ilionyesha kwamba watawala waliwaambia raia jambo moja, na wao kwa wao wakaandikiana jingine. Wengine walimwita haini, wengine shujaa. Mahakama Kuu ya nchi, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliyaruhusu magazeti kuendelea kuichapa. Mashtaka yake mwenyewe yalifutwa mwaka 1973.

Sisemi kila siri ifichuliwe. Mahali walipo askari vitani ni siri ya haki, kwani kuitoa ni kuua. Lakini uongo waliotendewa raia ni aibu iliyovikwa joho la siri. Na mficha maradhi, kifo humwumbua.

Basi, msomaji, siri ikitoka, isome kwanza. Ukiisha kujua lililofichwa, na aliyefaidi kwa kufichwa kwake, ndipo uamue nani mwenye hatia.