SAA YA MZAMIAJI KATIKA MKONO MKAVU

Ndugu msomaji, tazama mikono ya watu katika karamu ya harusi, au uwanjani siku ya Idi. Hutakosa kuiona saa nzito ya chuma, yenye duara la nambari linalozungushwa pembeni, na maandishi madogo usoni kwamba yastahimili maji mpaka mita 300, au mita 1,220, au zaidi ya hapo. Mwulize mwenyewe ya nini saa kama hiyo, atakujibu kwa fahari: "Hii ni saa ya wazamiaji." Na huyo asemaye hivyo maji yake ya ndani kabisa ni ya ndoo. Wachache wanazo za asili, zilizonunuliwa Dubai kwa fedha ambazo zingemalizia paa la nyumba. Wengi wanazo za bandia, ambazo zikinyeshewa na mvua ya masika huingia ukungu ndani ya kioo.

Sikusudii kuharamisha lisiloharamishwa. Mwanamume amekatazwa dhahabu, hakukatazwa chuma. Na kuijua saa ni jambo jema kwa mtu anayehifadhi nyakati za sala. Ninalolipinga ni jingine, nalo ni hili: heshima ya mtu mmoja, aliyeichuma kwa khatari ya roho yake, imegeuzwa bidhaa ikauzwa kwa mwingine, na yule wa kwanza akasahauliwa, bali akadhulumiwa. Ili uyapime haya, yatakikana kwanza tuijue kazi yenyewe.

Kila mtu anaposhuka mita 10 baharini, maji humwelemea kwa uzito mwingine sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya ardhi. Aliye mita 200 amebanwa mara 21 kuliko wewe uliye barazani. Hewa anayoivuta huko lazima iwe na nguvu ile ile ya maji, ama sivyo kifua chake hakifunuki. Na hewa yenye nguvu kama hiyo huingia ndani ya damu na nyama, mfano wa gesi iliyotiwa katika chupa ya soda. Ukifungua chupa kwa pupa, povu huruka. Mzamiaji naye akipanda kwa pupa, mapovu hutoka ndani ya damu yake yakampa maumivu ya viungo, au kupooza, au mauti.

Daktari mmoja wa jeshi la majini la Marekani, George Bond, alianza majaribio mwaka 1957, kwanza kwa wanyama, kisha kwa watu, akathibitisha kwamba mwili una kiasi chake. Ukishashiba gesi katika kina fulani, hauzidi kushiba, mtu akae siku mbili au akae mwezi. Na muda wa kumrudisha juu ni ule ule. Basi ikaonekana kwamba haifai kumshusha na kumpandisha mtu kila siku. Afadhali awekwe ndani ya chumba cha chuma juu ya meli, kilichojazwa hewa yenye nguvu sawa na ya kilindi anachofanyia kazi. Humo hula, hulala, husoma. Zamu yake ikifika huingia katika kengele ya chuma inayoteremshwa kwa waya, hufanya kazi saa kadhaa gizani, kisha hurudi chumbani. Huweza kukaa hivyo mpaka siku 28.

Hewa ya kawaida haimfai huko, kwa sababu naitrojeni katika kina kirefu humlevya mtu kama pombe. Kwa hivyo hupewa heliamu iliyochanganywa na oksijeni kidogo. Heliamu hiyo humpokonya joto la mwili, hata ikabidi maji ya moto yapitishwe ndani ya nguo yake. Na sauti yake huwa nyembamba kama ya bata. Kazi ikiisha, hupunguziwa nguvu ya hewa pole pole, takriban siku moja kwa kila mita 30, na siku moja ya nyongeza. Aliyekuwa mita 200 huhitaji yapata siku 8 kutoka. Waliokwenda mwezini mwaka 1969 walirudi kwa siku 3 hivi. Huyu hatengwi na wenziwe ila na ukuta wa chuma, lakini baba yake akifariki leo, hawezi kutoka akamzike.

Elimu hii haikupatikana bure. Mwaka 1962 Mfaransa Cousteau aliwaweka watu wawili wiki nzima chini ya bahari karibu na Marseille, katika mita 10. Mwaka 1963 alijenga nyumba chini ya maji mahali paitwapo Sha'ab Rumi, pwani ya Sudan. Na ni wangapi waliosafiri kwa Bahari ya Sham kwenda Jidda wanaojua kwamba watu walipata kuishi chini ya maji yale? Wamarekani wakafanya yao Bermuda mwaka 1964, na California mwaka 1965. Mwaka 1969, katika jaribio lao la tatu, nyumba yao ilivuja ikiwa zaidi ya mita 180 chini, na mzamiaji Berry Cannon akafa akishughulika kuitengeneza.

Saa hii unayoijua ilizaliwa katika khatari hizo. Chembe za heliamu ni ndogo mno, nazo hupenya polepole ndani ya saa mtu akiwa amekaa chumbani siku nyingi. Nguvu ya hewa inapopunguzwa, heliamu iliyo ndani haiwahi kutoka, na kioo cha saa hufyatuka. Anayetajwa kuliona jambo hilo ni Robert Barth, mmoja wa wazamiaji wa Bond. Rolex na Doxa wakatia pembeni mwa saa valvu ndogo ya kutolea heliamu. Wajapani wa Seiko, mwaka 1975, wakafanya kinyume: wakatengeneza saa ambayo heliamu haiingii, isihitaji valvu kabisa.

Sasa zingatia, ndugu msomaji. Valvu ile haina kazi majini. Kazi yake ni ndani ya chumba kikavu, mtu ameketi kitandani akingojea kutoka. Wala mzamiaji wa namna hii hahesabu dakika zake kwa saa ya mkononi. Wanaomhesabia wako juu melini, nao huiona pumzi yake kwa vipimo vyao. Basi ikiwa yeye mwenyewe haihitaji sana, je wewe uendaye sokoni?

Tena angalia hesabu. Kina kirefu ambacho wazamiaji wa namna hii walifika baharini ni mita 534, karibu na Marseille, mwaka 1988. Mwaka 1992 mtu mmoja alifikishwa mita 701, lakini ndani ya chumba cha majaribio nchi kavu. Mwaka 2008 ikatoka saa inayostahimili mita 3,900, na mwaka 2022 ikatoka nyingine ya mita 11,000. Imetengenezwa kwa ajili ya mkono wa nani? Hapana mkono wa binadamu utakaofika huko ukarudi mzima. Unachouziwa ni nambari. Na aliyekufundisha kuitamani ni sinema: katika filamu ya kwanza ya James Bond, mwaka 1962, jasusi yule alivaa saa ya Rolex ya wazamiaji, na tangu mwaka 1995 akavalishwa Omega yenye valvu ya heliamu.

Sasa tuwatazame wenye saa yao. Tarehe 5 Novemba 1983, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, wazamiaji 4 walikuwa katika mtambo wa mafuta uitwao Byford Dolphin. Kengele ikafunguliwa kutoka kwenye chumba kabla mlango haujafungwa. Hewa yenye nguvu mara 9 ikawa mara moja kwa kufumba na kufumbua. Wote 4 wakafa papo hapo, na mmoja wa wasaidizi wao wawili wa nje akafa pia. Uchunguzi ukasema ni kosa la mtu. Lakini chombo kile hakikuwa na kizuizi cha kukataza kengele isifunguke maadamu chumba kimejaa hewa yenye nguvu. Familia zao zikangoja fidia zaidi ya miaka 20.

Wako na wengine, waliotoka wazima wakaja kuugua baadaye mapafu, ubongo na masikio. Kampuni zilikuwa na majedwali ya muda wa kupandisha watu. Baadhi zikayaficha kuwa siri ya biashara, kwani apandishaye watu haraka humaliza kazi kwa gharama ndogo. Mzamiaji hakujua kama jedwali analopandishiwa ni la salama au la pupa. Mwaka 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilihukumu kwamba Norway ilikosa kuhakikisha watu hao wanapewa khabari zilizohusu uhai wao. Na hiyo ndiyo nchi ambayo hazina yake ya mafuta ilipita dola bilioni 1,000 mwaka 2017! Mafuta yalitoka, fedha zikatoka, saa zikatoka. Na haki ya mzamiaji ikapanda polepole kuliko mzamiaji mwenyewe.

Kampuni ya COMEX ya Marseille iliwapa wazamiaji wake saa za Rolex zenye jina la kampuni, kama fundi anavyopewa nyundo. Leo saa hizo hunadiwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na mikwaruzo yake husifiwa. Mikwaruzo ya saa ina bei. Mikwaruzo ya mapafu ya mwenye saa haina mnunuzi.

Wala usidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Bahari ya Ghuba ilikuwa na wazamiaji wa lulu karne nyingi. Mtu alibana pua kwa kibanio, akafunga jiwe mguuni, akashuka kwa pumzi moja, akapanda, akashuka tena, kutwa nzima, miezi ya joto. Wengi waliingia msimu wakiwa na deni la nahodha, wakatoka nalo. Na miongoni mwao walikuwamo watu wa pwani zetu hizi, waliochukuliwa utumwani kwa majahazi. Lulu zikaenda katika shingo za mabibi wa Bombay na Paris. Nani aliyeivaa akauliza habari ya kifua cha aliyeipandisha? Ni kisa kile kile, ila jana tulikuwa upande wa mzamiaji, na leo baadhi yetu tunashindana kukaa upande wa shingo.

Najua yatakayosemwa. Atasema mmoja: "Uzuri unapendeza, nami ninapenda kujipamba." Jipambe, lakini kwa kipato chako. Aliyekopa ili avae saa amevaa deni, na deni halina valvu ya kutokea. Atasema wa pili: "Saa hii ni akiba, bei yake hupanda." Baadhi hupanda, na nyingi hushuka mara tu ukitoka nayo dukani, na akiba isiyoweza kuuzwa kwa sababu mwenyewe anaona haya kuonekana mkono mtupu si akiba. Atasema wa tatu: "Ni chombo madhubuti, kitadumu." Kweli, ni madhubuti. Jembe nalo ni madhubuti, lakini hatulichukui harusini.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Wapo vijana katika pwani hizi wanaozamia majongoo ya bahari kwa mitungi ya kukodi. Hushuka mara nyingi kwa siku, hupanda kwa kukisia, bila jedwali, bila saa. Yule wa mtungi hashibishwi heliamu chumbani. Dakika zake za chini ndizo zinazoamua kama atatembea kesho. Lile duara linalozungushwa pembeni mwa saa lilibuniwa kwa ajili ya mtu kama yeye, ahesabu dakika zake asizidishe. Mwenye haja ya kuhesabu hana saa, na mwenye saa hana la kuhesabu. Kijana akipooza, watu husema kapigwa na jini wa baharini, akapelekwa kwa mganga. Jini huyo jina lake ni pupa ya mnunuzi, na ujinga wa sisi tusiomfundisha.

Basi wewe mzazi, mwanao akiitamani saa hiyo, usimpige marufuku ukanyamaza. Mketishe umweleze khabari ya chupa ya soda, na ya chumba cha chuma, na ya siku 8. Huenda akaitamani elimu badala ya chuma. Akipata kazi ya bahari, hapa au Ghuba, kabla ya kuuliza mshahara muulizieni haya: nani anayehesabu dakika zake? Jedwali liko wapi, naye amesomeshwa? Chumba cha kumtibu kiko umbali gani? Akiumia nani atamlipa, nayo imeandikwa? Na wewe mwenye uwezo, ambaye umekwisha kuiweka kando bei ya saa ya mita 1,220, jua kwamba fedha hizo zaweza kuwanunulia vijana wa kijiji kizima cha wazamiaji saa za kawaida za majini, na kumleta mwalimu wa kuwafunza kupanda.

Fanya hivyo, kisha uende harusini mkono wako ukiwa mtupu. Asiyekujua atasema huna kitu. Mama wa yule kijana aliyepanda salama atajua unacho nini, na Mola wako anajua zaidi.

Wassalaam.