Kioo kinatoka Mkuranga, mbona fremu bado bei juu?

Wadau, leo tuongelee fremu za picha. Unapeleka picha ya marehemu mzee kwa fundi Keko au Mwananyamala, anakutajia bei, unashtuka: "Yaani mbao nne na kioo tu?" Kabla hujamlaumu, tupige hesabu.

Mbao unalipia mzunguko wa picha, kioo unalipia eneo lake. Picha ya sm 30 kwa 40 mzunguko wake ni sm 140. Ukiikuza iwe 60 kwa 80, mbao zinakuwa mara mbili, lakini kioo na hadibodi ya nyuma vinakuwa mara nne! Bado kona. Ubao wa upana wa sm 5, ukikatwa mshazari kona zote nne, unakula kama sm 40 za ziada. Na saizi yako ikiwa ya ajabu ajabu, kioo kinachobaki hakimfai mteja mwingine, kwa hiyo unakilipia wewe.

Sasa tuje kwenye uchumi wenyewe. Septemba 2023 Rais Samia alizindua kiwanda cha vioo cha Sapphire Float Glass huko Mkuranga, ukishapita Mbagala. Kwa ramani, fundi wa Temeke ni jirani kabisa. Lakini kiwanda kikubwa namna ile hakikukatii kipande cha fremu moja. Fundi ananunua dukani kila akipata oda, na katikati kuna wakala, gari, vioo vinavyovunjika na VAT, ambayo fundi asiyesajiliwa hawezi kuidai TRA. Ujirani bila mtaji haukushushii bei.

Na sisi tukikomaa na "punguza bwana," fundi hawezi kugusa bei ya kioo. Atapunguza ujira wake au ubora. Ndipo unapewa hadibodi nyepesi inayovuta unyevu wa Dar, picha inagandana na kioo, basi tena. Na picha ya mzee huna nyingine!

Nionavyo mimi, mafundi wa mtaa mmoja wachangiane, wanunue vioo vizima kwa jumla. Wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay walianzisha ushirika wao mwaka 1990, mafundi fremu washindwe nini? Na sisi wateja tuchapishe picha kwa saizi zilizozoeleka.

Wadau wa Keko, Tandale na Mbagala, mnasemaje? Mwenye bei za mtaani kwake azimwage hapo chini tulinganishe.