Sindano ya mbwa haingoji amani

SAUTI YA MILIMA, na Bahati Musafiri

Ukisema hadharani, Masisi au Walikale, kwamba mbwa wa wanakijiji wanahitaji chanjo na daktari wa bure, jibu unalijua: kwani watu wamekwisha kutibiwa? Ni swali la haki. Mwanzoni mwa Januari 2025 Masisi-kati iliingia mikononi mwa waasi wa M23, Sake ikafuata, kisha Goma, na mwezi Machi vita vikafika Walikale-kati. Watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Mwenye akili timamu ataanzaje na mbwa?

Anaanza na mbwa kwa sababu ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa mia, 99 wameambukizwa na mbwa, na wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, mtoto akaogopa maji na kutokwa na mate, hakuna hospitali ya kumponya, iwe ya Masisi au ya Brussels. Kinachookoa ni kuosha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, kisha chanjo ya binadamu kabla virusi havijafika kwenye ubongo.

Sisi tunafanya nini? Tunabandika jiwe jeusi juu ya jeraha na kungoja lidondoke lenyewe. Likidondoka, tunasema sumu imetoka. Wiki zinapita, mtoto anaanza kuweweseka, anapelekwa kwenye chumba cha maombi, na anayetafutwa sasa ni jirani aliyemroga. Mbwa aliyemng'ata amekwisha kusahaulika.

Vita vimeongeza hatari hiyo. Familia inayokimbia kwa miguu, godoro kichwani, haiwezi kubeba mbwa. Anabaki kulinda nyumba isiyo na mtu, akishindwa na njaa anajiunga na wenzake, wanakula wanachokipata. Wenye nyumba wakirudi, wanakuta kundi la mbwa wasiomjua bwana, na ndipo mtu mwenye bunduki anapotoa amri wapigwe risasi wote. Amri hiyo hupendwa kwa sababu matokeo yake yanaonekana siku hiyohiyo, lakini haiondoi ugonjwa. Kisiwani Flores, Indonesia, kichaa kilipoingia mwaka 1997 serikali iliua mbwa mamia ya maelfu, na ugonjwa ukabaki. Mbwa wapya waliletwa kujaza nafasi, na waliouawa ni pamoja na wale waliokuwa wamechanjwa. Zaidi ya hayo, mwenye mbwa anayempenda humficha, na hatamleta tena mbele ya mtu yeyote wa serikali, hata akija na dawa.

Daktari wa mifugo si kwamba hayupo. Hupanda pikipiki mpaka shambani kwenye ng'ombe, kwa kuwa mwenye ng'ombe analipa. Maziwa yanakuwa fromaji ya Masisi na fromaji inauzwa Goma. Mbwa wa mlinda viazi haingii katika hesabu hiyo. Wapo mbwa wenye bahati katika mkoa wetu: Hifadhi ya Virunga ilianzisha kikosi chake cha mbwa wanusaji mwaka 2011, nao wana chakula, walezi na daktari. Siwaonei wivu, wanafanya kazi ya hatari. Bukavu nako kuna vijana wa Sauvons nos Animaux wanaookota mbwa waliopigwa na kuwafundisha wanafunzi kutowarushia mawe. Huku kwetu milimani, mbwa akivunjika mguu, daktari wake ni panga.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Yule mbwa mdogo wa misitu ya Kongo, mwenye mkia uliojikunja, asiyebweka, ambaye wawindaji humvisha kengele ili wamsikie porini, alipelekwa Uingereza na kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1895. Waliopelekwa walikufa upesi kwa ugonjwa wa mbwa wa huko, kwa kuwa hapakuwa na chanjo. Leo wajukuu wa ukoo huo wana vyeti, bima na sindano kila mwaka, Ulaya na Marekani. Ndugu zao waliobaki msituni bado wako 1895.

Tusiende mbali kutafuta njia. Mwaka 1994 ugonjwa uleule ulioua mbwa wa Crufts (si kichaa), unaohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, Tanzania. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakichanja mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, bure, pamoja na sindano ya kichaa. Pemba waliumaliza ugonjwa wa kichaa mwaka 2014. Ukaingia tena 2016, wakachanja upya hadi ukakoma. Kiwango kinachotakiwa ni mbwa 70 katika kila mia.

Kilichonivutia zaidi ni chombo chao. Kila mtu huniambia: hakuna umeme, chanjo itaharibika. Watafiti wa Tanzania walipima chanjo mojawapo ya mbwa wakaona inabaki na nguvu miezi sita kwenye joto la nyuzi 25, na miezi mitatu kwenye nyuzi 30. Wakatengeneza chombo cha kupoza kwa maji na udongo, kisichohitaji umeme, wakakiacha kijijini kwa mtu aliyefundishwa kuchoma sindano. Mbwa wanachanjwa mwaka mzima, bila kungoja gari la wilaya. Kwa Masisi, ambako jioni tunavaa makoti, hili ni jambo jepesi. Walikale kuna joto na njia ni tope, hapo itabidi dozi ziletwe chache na mara nyingi.

Na lazima iwe bure. N'Djamena, Chad, walipowatoza wenye mbwa, walioletwa hawakuzidi robo. Walipofuta malipo, mwaka 2012 na 2013, walivuka asilimia 70. Dozi ya mbwa ni kama dola moja. Kumtibu mtu aliyeng'atwa kunakadiriwa kugharimu wastani wa dola 108, pamoja na usafiri na siku za kazi zilizopotea. Hapa kwetu ni mama gani wa shamba anayeshika dola 108?

Watu wa uhifadhi watanung'unika kwamba kumchanja mbwa wa mwindaji wa Walikale ni kumsaidia jangili. Sikubaliani nao. Mbwa huyo ataingia msituni, achanjwe asichanjwe, na katika msitu huo wamo sokwe wakubwa wa nyanda za chini, hawa wanaotuletea watalii wa kuota tu siku hizi. Afadhali aingie akiwa mzima.

Kwa hiyo sidai kliniki ya mbwa yenye vigae. Nadai zone za afya ziwaongezee kazi hii wale reko, wahudumu wa afya wa jamii, ambao tayari hupita nyumba kwa nyumba na matone ya polio, na kazi hiyo walipwe. Inspection ya mifugo iwafundishe kuchoma sindano na kufunga jeraha la mtego wa waya. Watoto ndio wataleta mbwa kwa kamba, kwa kuwa ndio wanaowajua. Mwami na mashefu wa vijiji watangaze mapema, tena watamke wazi kwamba siku hiyo hakuna mbwa atakayeuawa.

Kinabaki kikwazo kimoja ambacho Tanzania hawakuwa nacho: barieri. Kutoka Sake mpaka Walikale-kati, kila anayepita na sanduku huulizwa lina nini na ushuru wake uko wapi. Ninyi mnaoshika kamba za barieri hizo, wa upande wowote, nanyi mna watoto. Sanduku la sindano za mbwa likifika, lifungueni mwone, kisha lipite bila kulipa.