Mkulima wa mlimani alipwe, tena kwa miaka

Wapo wanaosema kumlipa mkulima ili atunze shamba lake mwenyewe ni kumfundisha uvivu. Hao hawajawahi kuchimba matuta ya ngazi kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, Morogoro. Kazi ile ni ya jembe la mkono, na udongo wa chini unaopandishwa juu hauna rutuba, hivyo msimu wa kwanza unaweza kuvuna pungufu ya jirani aliyelima kiholela. Faida ya miti na samadi huja baadaye. Ile ya maji safi huteremka na Mto Ruvu hadi kwenye mabomba ya Dar es Salaam, na aliyeyatunza haambulii kitu.

Kibungo Juu, huko huko Uluguru, malipo ya aina hii yalishajaribiwa. Wakulima walilipwa kwa kujenga ngazi na kupanda miti, na DAWASCO, shirika la maji la umma wakati ule, lilikuwa miongoni mwa waliochangia. Lakini ulikuwa mradi, na miradi huisha.

Kwingine malipo yana mkataba mrefu: nchini Marekani, sheria ya mwaka 1985 ilianzisha mpango wa serikali kumlipa mkulima kila mwaka ili apumzishe ardhi inayomomonyoka, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15. Mluguru mwenye ekari moja hawezi kuacha kulima, hilo najua. Ninachotamani ni urefu wa mkataba.

Waheshimiwa wabunge wa Morogoro na Dar es Salaam, ipelekeni hoja hii bungeni kwa pamoja: sehemu ndogo ya bili ya maji irudi mlimani kila mwaka.