Usimwogope Bwana Afya wa Mpakani



Ukifika stendi alfajiri utawaona watu wa Majengo wanaosafiri mbali. Wengine huenda Arusha, kisha huendelea Namanga, wakavuka na kuingia Kenya. Huko wanafuata biashara. Wengine wana binti aliyeolewa huko, au ndugu mgonjwa wa kuuguza. Zamani safari hii ilikuwa taabu tupu, vumbi kiangazi na matope masika. Mwaka 2018 ilizinduliwa barabara ya lami ya kutoka Dodoma, kupita Kondoa, mpaka Babati. Sasa mtu anakunywa chai Majengo alfajiri, na jioni yuko Arusha. Kutoka Arusha mpaka Namanga ni kilometa kama 110 tu.

Safari imekuwa rahisi, lakini hofu imebaki pale pale. Watu wanasema, "Wakinipima wakakuta nina homa, watanifungia." Wanasema, "Sina kadi ya njano, nitarudishwa." Wanasema, "Wakiziona dawa zangu watanishuku." Kwa sababu ya maneno hayo, wengine hununua kadi bila kuchanjwa. Wengine huacha dawa zao nyumbani. Wengine hushuka garini kabla ya kituo, wakapita njia ya panya porini. Mimi nasema mambo hayo matatu yana hatari kubwa kuliko mpaka wenyewe.

Woga huu una historia yake. Wazee wanakumbuka kwamba mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwezi wa Februari mwaka 1977. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Miaka ile mtu akitaja mpaka, alikuwa na maana ya kizuizi na askari. Watoto wamerithi woga huo bila kuambiwa sababu yake.

Siku hizi pale Namanga kuna kituo cha pamoja. Kilizinduliwa Desemba 2018. Maofisa wa Tanzania na wa Kenya hukaa katika jengo moja. Ukitoka kwetu, unakamilisha shughuli zote katika jengo lililo upande wa Kenya. Ukirudi, unazikamilisha upande wa Tanzania. Mambo ya pasi na hati za safari ni kazi ya watu wa Uhamiaji. Mambo ya mizigo na ushuru ni ya Forodha. Mbali na hao yupo Bwana Afya, au Bibi Afya. Huyu hatafuti magendo. Anataka kujua jambo moja tu: je, msafiri huyu anabeba ugonjwa unaoweza kuenea?

Basi atakupima joto la mwili. Atakuuliza unatoka wapi na umepita wapi. Anaweza kuandika jina lako, namba yako ya simu na mahali unapokwenda. Hapo ndipo wengi wanapotetemeka, wakidhani wanaandikiwa kesi. Sivyo. Nitaeleza kwa mfano wa kwetu wenyewe.

Mwezi wa Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera. Marburg ni ugonjwa wa virusi, nao ni ndugu wa Ebola. Watu tisa waliugua, na sita kati yao walikufa. Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Ugonjwa ungeweza kuruka huku na huku. Lakini watu waliowagusa wagonjwa walitafutwa, wakajulikana majina na mahali walipo, wakaangaliwa afya zao siku hadi siku. Tarehe 2 Juni 2023 ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Januari 2025 Marburg ilirudi, safari hii wilayani Biharamulo, na mwezi wa Machi ikatangazwa kuwa imekwisha tena. Jina lako likiandikwa mpakani, linaandikwa kwa kazi kama hiyo. Kama abiria aliyekaa jirani yako ataonekana ana ugonjwa mbaya baada ya siku mbili, wewe utatafutwaje kama hujulikani ulikokwenda?

Tena mfano huu unatufundisha kwamba ugonjwa hautoki upande mmoja tu. Wenzetu wa ng'ambo wana haki ya kutuuliza, kama sisi tulivyo na haki ya kuwauliza. Kuulizwa si kudharauliwa.

Sasa tuitazame kadi ya njano, maana ndiyo inayosumbua watu zaidi.

Kadi hii ni ushahidi kwamba umechanjwa homa ya manjano. Homa hiyo huletwa na virusi, na huenezwa na mbu. Mbu mmoja wao ana madoa meupe miguuni na huuma mchana. Mtu aliyeumwa na mbu mwenye virusi huweza kuanza kuugua baada ya siku tatu hadi sita. Hupata homa, kichwa kuuma, mgongo kuuma na kutapika. Wengi hupona. Wachache huzidiwa: macho na ngozi hugeuka manjano, na damu huanza kutoka puani, mdomoni au tumboni. Kati ya hao waliozidiwa, nusu hufa. Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Kuna chanjo tu. Lakini chanjo yenyewe ni nzuri mno: sindano moja inatosha kwa maisha yako yote.

Zamani kadi ilikuwa ikiisha nguvu baada ya miaka kumi. Tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zimebadilishwa, na sasa kadi hudumu maisha. Kwa hiyo mtu akikuambia kadi yako ya zamani imeisha muda na inabidi umlipe akupe nyingine, ujue anakula fedha yako. Itunze kadi hiyo pamoja na hati zako za shamba.

Jambo moja wengi hawalijui. Tanzania inahesabiwa kuwa nchi yenye hatari ndogo ya homa ya manjano. Kenya, Uganda na Kongo zimo katika orodha ya nchi zenye hatari. Mwaka 2022 ugonjwa ulizuka Isiolo, kaskazini mwa Kenya. Ndiyo sababu swali la kadi huweza kumkuta Mtanzania wakati anaporudi nyumbani. Kwenda alipita vizuri, akasahau. Kurudi anaulizwa, anashangaa: "Mimi si mwananchi?" Ndiyo, ni mwananchi. Lakini mbu wa huko hakumuuliza uraia.

Chanjo haianzi kazi siku ile ile. Mwili unahitaji siku kumi kujenga kinga, na kadi nayo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku hizo kumi. Ukichanjwa tarehe 1, kadi inaanza kutumika tarehe 11. Kwa hiyo mtu anayekumbuka kadi akiwa tayari yuko garini amechelewa.

Hapa ndipo mlango wa udanganyifu unapofunguka. Mtu mwenye haraka hukutana na mtu mwenye kadi mfukoni. Fedha inatolewa, mhuri unagongwa, na sindano haipo. Msafiri anacheka kwamba amewashinda maofisa. Lakini mbu hasomi kadi. Mtu huyo ataingia penye ugonjwa bila kinga yo yote. Akiugua, ataambiwa haiwezi kuwa homa ya manjano kwa sababu kadi inasema amechanjwa. Hivyo kadi ya uongo inamdanganya hata mganga anayetaka kumwokoa. Dai sindano kwanza. Kisha hakikisha kadi imeandikwa jina lako, tarehe na namba ya chanjo, na imegongwa mhuri. Dai na stakabadhi ya fedha uliyolipa.

Wapo wanaosema kadi hizi ni usumbufu usiokwisha. Hilo si kweli. Wale waliozaliwa kabla ya miaka ya 1980 wajitazame mkononi karibu na bega. Wengi watakuta kovu la chanjo ya ndui. Wakati ule msafiri wa kwenda nchi nyingine alitakiwa cheti cha ndui. Watu wakachanjwa, kijiji kwa kijiji, nchi kwa nchi. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa. Leo nani anaulizwa cheti cha ndui? Wajukuu hata hawajui ndui ni kitu gani.

Tuje kwenye njia ya panya. Mfanyabiashara akipita huko tunasema amekwepa ushuru. Mimi sizungumzi ushuru leo. Nazungumza juu ya familia moja iliyopita njia kama hiyo mwezi wa Juni 2019, kati ya Kongo na Uganda.

Familia hiyo ilikuwa imekwenda Kongo kumuuguza babu, naye akafa kwa Ebola. Walipokuwa wanarudi Uganda, maofisa wa afya upande wa Kongo waliona baadhi yao wana dalili. Wakawatenga ili wapimwe na kutibiwa. Baadhi ya jamaa hao wakatoroka, wakapita njia ya miguu isiyo na ulinzi, wakaingia wilaya ya Kasese. Mtoto wa miaka mitano alizidiwa, akapelekwa hospitali. Waganga wa Uganda walikuwa wamefundishwa kuutambua ugonjwa, wakamtenga upesi. Lakini mtoto alikufa. Nduguye wa miaka mitatu akafa. Bibi yao akafa. Shukrani kwa waganga wale, ugonjwa haukuenea zaidi huko Kasese.

Siwalaumu watu wale kama wahalifu. Walikuwa na msiba, walikuwa na watoto, walitaka kufika nyumbani. Nani kati yetu hangetaka? Woga wao ni ule ule tunaousikia stendi: "Watanifungia."

Basi ni vizuri kujua kinachofanyika. Ukikutwa na homa, utakaa pembeni, utapimwa tena na utaulizwa maswali. Homa nyingi si Ebola wala Marburg. Nyingi ni malaria au mafua. Ikionekana huna ugonjwa wa hatari, utashauriwa matibabu. Ikionekana kuna shaka, utapelekwa mahali pa kutengwa, na hapo una haki ya kuuliza: Naitwa nini ugonjwa huu? Majibu yatatoka lini? Nani atawaarifu ndugu zangu? Uliza kwa adabu, lakini uliza. Na kama homa imekushika ukiwa bado Majengo, usipande gari. Nenda zahanati kwanza.

Jambo la dawa ni zito, nami naliona halizungumzwi. Mtu anayetibiwa kifua kikuu humeza dawa kila siku, kwa kawaida miezi sita. Anasafiri wiki mbili, anaona haya au anaogopa kupekuliwa, anaacha vidonge chini ya godoro. Vijidudu vilivyokuwa vinakufa vinapata nafuu. Vikiamka vinaweza kuwa sugu, yaani dawa ile haiviui tena. Kisha anakohoa ndani ya gari lililojaa abiria. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, za shinikizo la damu, au za kifafa. Dawa zako ni halali. Zichukue zikiwa ndani ya pakiti au chupa yake yenye maandishi, pamoja na kadi ya kliniki. Mwombe mganga akuandikie barua fupi. Chukua za kutosha safari nzima na siku chache zaidi, maana gari huharibika. Usizipakie kwenye buti wala juu ya gari. Kaa nazo mkobani. Mwenye sukari anayejichoma insulini aikinge na jua, maana joto huiharibu.

Nimesema na wasafiri vya kutosha. Sasa niseme na wenye madaraka. Si haki mwananchi wa Bahi au Kongwa asikie habari ya siku kumi kwa mara ya kwanza akiwa mbele ya meza ya Namanga. Si kila zahanati inayotoa chanjo hii, na mtu wa kijijini hajui aulize wapi. Maoni yangu ni kwamba swali la kadi liulizwe mahali tiketi inapokatwa. Mkata tiketi anauliza jina, anauliza mzigo. Kwa nini asiulize na kadi? Tangazo libandikwe ukutani stendi, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, likitaja hospitali inayochanja na bei yake halali. Wafanye hivyo na sokoni Majengo na katika soko la mahindi la Kibaigwa, ambako madereva wa malori hukutana. Na maofisa wa afya wanaowafokea wasafiri wajue kwamba kila kelele yao inaongeza mtu mmoja katika njia ya panya.

Limebaki swali ambalo akina mama huuliza sana: mtoto mchanga je? Mtoto aliye chini ya miezi tisa kwa kawaida hachanjwi homa ya manjano. Mama mjamzito, mtu aliyepita miaka 60, mtu anayedhurika akila mayai, na mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua, wote wazungumze na daktari kabla ya sindano. Daktari akiona chanjo haifai, ataandika cheti cha kueleza hivyo, nacho huonyeshwa mpakani mahali pa kadi. Cheti hicho hakimkingi mtu na mbu. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa miezi mitano, kama safari yenyewe ni ya kusalimia tu, asubiri mtoto afike miezi tisa, achanjwe, zipite siku kumi, ndipo wapande gari.