Anga Zetu Zifunguliwe

Abiria atokaye Zanzibar kwenda Dakar, hata akiwa ajuza ambaye miguu imemvimba kwa kukaa kitako masafa marefu, aghalabu hushushwa Addis Ababa, na pengine hupelekwa kwanza Dubai, ilhali Dakar iko magharibi. Na katika kituo pengine hungoja usiku kucha juu ya kiti cha chuma, asijue kama ni wakati wa kulala au wa kula. Adha hii si kudura, kwani mwaka 1999 mawaziri wa Afrika walikubaliana mjini Yamoussoukro kuzifungua anga zao kwa mashirika ya ndege ya nchi nyingine za Afrika, na mwaka 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa ndege, lakini serikali nyingi zingali zikizibana. Waheshimiwa viongozi wa serikali hizo, tunawasihi, itimizeni ahadi hiyo.