Toba Isiyovuka Mpaka wa Shamba

Katika kata ya Nkwenda, kama ilivyo kwingi Kyerwa na Karagwe mkoani Kagera, kibanja cha mtu na cha mwenzake havitenganishwi kwa ukuta. Hupandwa mlamula, mti mwembamba wa majani marefu ambao hata jina lake linatokana na kazi ya kuamua ugomvi. Mlamula ukisogezwa usiku hatua tatu tu, migomba ya jirani inahama pamoja nao. Tumchukue basi mtu aliyefanya hivyo. Jumapili anakwenda ibadani, mahubiri yanamchoma, anapita mbele, anaongozwa sala ya toba, anafuta machozi na kurudi kwenye benchi huku kwaya ikimwimbia. Jumatatu mlamula uko pale pale alipouhamishia. Ukimuuliza, atakujibu kwa usemi ambao siku hizi unatumika kama muhuri wa ofisi: hayo ni yangu na Mungu wangu, naye ameshanisamehe. Usemi huo unasadikiwa na watu wengi wema, wakiwamo wasiowahi kuiba hata ndizi moja, na ndiyo maana unastahili kupingwa hadharani. Dhambi aliyotendewa jirani haimalizwi bila jirani. Anayefundisha vinginevyo, hata kama nia yake ni njema, anamfanyia kazi mwizi.

Wanaoshikilia imani hii hawakosi Maandiko. Wa kwanza kuletwa huwa mwana mpotevu, aliyerudi mikono mitupu akakumbatiwa na kuchinjiwa ndama. Lakini alimrudia nani? Mali aliyoitapanya ilikuwa jasho la baba yake, na ni baba huyo huyo aliyemwendea kwa miguu, akiwa amejiandaa kuomba kazi ya kibarua. Hakuishia kulia kando ya nguruwe akajitangazia msamaha huko huko. Mfano unaotumiwa kuonyesha kwamba toba ni siri ya mtu na mbingu ni habari ya mtu aliyefika hadi mlangoni kwa aliyemkosea. Wa pili ni Daudi, ambaye katika Zaburi ya 51 anamwambia Mungu kwamba amemkosea Yeye peke yake. Zaburi hiyo haisomeki vizuri bila Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, ambako Nathani anamsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake, na Daudi, kabla hajang'amua kwamba anajihukumu mwenyewe, anatamka kuwa mwanakondoo huyo alipwe mara nne. Mara nne hiyo hiyo ndiyo anayoitaja Zakayo, mtoza ushuru wa kule Yeriko. Walawi 6 ilikuwa imeagiza kiasi kidogo zaidi: mdhulumaji arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, siku ile ile anayotoa sadaka yake ya hatia. Yesu hakulegeza, kule mlimani anamtaka mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Na katika Sala ya Bwana, kama Mathayo alivyoiandika, hatuombi kuondolewa uzito moyoni. Neno lililomo ni deni.

Deni ni neno ambalo mkulima wa Nkwenda hahitaji kufafanuliwa. Kagera ni nchi ya robusta, na robusta ina ugonjwa wake wa zamani uitwao butura. Mzazi anadaiwa ada, au kuna mgonjwa, au msiba umeingia nyumbani. Kahawa bado ni maua, au ni punje mbichi. Mwenye fedha anakuja, anaitazama mibuni, anataja bei, na bei hiyo huwa sehemu ndogo tu ya kile kahawa itakacholeta ikishakauka na kupanda mzani. Mavuno yakifika, aliyepalilia mwaka mzima anakuwa kibarua katika shamba lake mwenyewe. Viongozi wa serikali mkoani wamepiga marufuku butura mara nyingi, na vyama vya msingi pamoja na chama kikuu cha ushirika, KDCU, vipo ili wakulima wauze kwa pamoja, lakini biashara hiyo inaishi kwa sababu njaa haisubiri mnada. Wanunuzi wa butura si majini. Ni watu wa humu humu, waliobatizwa, wenye majina ya mitume. Sikukuu ya mavuno ikifika wanatoa vizuri, na katika mnada wa baada ya ibada, ule wa jogoo na mikungu ya ndizi, mmoja wao anaweza kupandisha bei hadi akina mama wakapiga vigelegele. Swali lisiloulizwa ni jogoo huyo amenunuliwa kwa kahawa ya nani. Haliulizwi kwa sababu tumekwisha kukubaliana, bila mkutano wowote, kwamba dhambi ni uzinzi, ulevi na uganga, yaani mambo ambayo mtu anaweza kuyaacha bila kurudisha shilingi. Mlevi akitubu, fedha ya pombe inabaki mfukoni mwake. Mnunuzi wa butura akitubu, lazima afungue daftari, na ndiyo sababu tumeamua kuiita butura biashara.

Wala si kweli kwamba habari ya kurudisha ni sheria ya Musa ambayo Wakristo wa huku hawajawahi kuiishi. Ng'ambo ya Mto Kagera, mashariki mwa Rwanda, iko Gahini, misheni na hospitali ya Kianglikana ambako katika miaka ya 1930 uliwaka Uamsho wa Afrika Mashariki. Wahusika wanajulikana: daktari Mwingereza Joe Church, Simeoni Nsibambi wa Kampala, ambaye Church alikutana naye mwaka 1929, Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyefanya kazi Gahini na kufariki mwaka 1936, Yosiya Kinuka, William Nagenda. Moto huo ulivuka mto ukafika Katoke, upande wa huku kwetu, ukawaingia Walutheri wa Bukoba, na miongoni mwa vijana uliowageuza alikuwa Josiah Kibira, baadaye askofu, na kuanzia 1977 hadi 1984 rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni. Waliitwa walokole, na wimbo wao wa Tukutendereza unaimbwa mpaka leo. Tumerithi wimbo tukaacha kazi iliyokwenda nao. Kwao toba ilikuwa na hatua ambayo jirani yeyote, hata asiyeamini, aliweza kuihesabu kwa vidole. Vilivyoibwa vilirudishwa. Watumishi waliwaendea waajiri, wafanyakazi wakawaendea wakubwa wa serikali ya kikoloni, fedha mkononi, kulipa vitu ambavyo wenyewe hawakujua kwamba vimepotea. Mwafrika na mmisionari waliombana msamaha uso kwa uso, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa karibu na uasi. Walikuita huko kutembea nuruni, na aliyesema ameokoka huku ameficha kitu cha mwenzake alitiliwa shaka na ndugu zake mwenyewe. Walikuwa na makosa yao pia: kuungama hadharani kuligeuka mara nyingine kuwa mashindano ya kusimulia uchafu, na watu wasiokuwapo wakatajwa, nyumba zikatikisika. Hilo halina haja ya kurudi. Kumrudishia mtu chake hakuhitaji kipaza sauti. Kunahitaji kwenda kwake jioni na kubisha hodi.

Mkatoliki wa Jimbo la Kayanga anaweza kusema kwamba hayo ni ya walokole, sisi tuna kitubio. Sawa, lakini Katekisimu ya Kanisa lake, namba 1459, inafundisha kwamba ondoleo linafuta dhambi ila haliponyi madhara yote iliyoyaleta. Aliyeiba arudishe, aliyesingizia asafishe jina alilolichafua, aliyejeruhi afidie, na hilo linahesabiwa huko kuwa haki ya kawaida tu. Mlutheri wa Dayosisi ya Karagwe naye ana la kukumbuka. Mwaka 1517 Martin Luther alikasirishwa, pamoja na mengine, na waumini waliorudi na hati za rehema walizozinunua, wakidhani kwamba sasa hawana sababu ya kubadilika. Hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 inaifanya toba kuwa maisha yote ya mwamini, si tukio la siku moja. Leo hati hizo haziuzwi. Tunajichapishia wenyewe kwa machozi. Tunauzungumzia upya wa ndani kana kwamba ni hali ya hewa: leo nimeguswa, juzi nilikuwa mkavu, semina ijayo nitajazwa tena. Moyo hauonekani na hakuna aliyekabidhiwa mzani wa kuupima. Kinachoonekana ni mlamula.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi zito kuliko yote: je, huku si kurudi kwenye wokovu wa matendo? Neema si bure? Ni bure, na Zakayo ndiye shahidi. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti. Neema iliingia kwanza, sanduku likafunguka baadaye. Lakini lilifunguka. Kurudisha si bei ya msamaha, kwa sababu kinachorudishwa hakikuwa chako hata kidogo. Mtu hawezi kumlipa Mungu kwa kahawa ya jirani, wala hawezi kujisifu kwa tendo jema pale anapokoma kula kisicho chake. Wengine watamtaja yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu, aliyeahidiwa paradiso bila kulipa chochote. Ni kweli. Mikono yake ilikuwa imefungwa msalabani. Ya kwetu iko huru, na mingine imeshika funguo za ghala.

Pingamizi la umaskini linanigusa zaidi. Mtu amekula ng'ombe wa mwenzake miaka kumi iliyopita, leo hana hata mbuzi, atalipa nini? Na yapo yasiyolipika kabisa. Jirani zetu wa Rwanda walilipitia hili kwa ukubwa ambao sisi hatuujui. Mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi Juni 2012, zilishughulikia karibu kesi milioni mbili, na zaidi ya milioni moja kati ya hizo zilihusu mali: mabati, mifugo, mazao yaliyoporwa wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Wengi waliohukumiwa kulipa hawakuwa na cha kulipa. Wapo walioungama ili tu kifungo kipungue, na wapo manusura ambao mpaka leo hawajaona hata bati moja. Lakini katika msiba ule, ambamo mauaji yangeweza kufunika kila kitu kingine, bati la mtu halikuachwa lipotee ndani ya neno kubwa la upatanisho. Liliulizwa: lilichukuliwa na nani, na wewe mwenye bati unasemaje? Wengine walikubali kulipwa kidogo kidogo, wengine wakasamehe deni lote. Jambo zima liko hapo. Asiyeweza kulipa anaweza kufutiwa deni, na kufuta deni ni jambo zuri sana la Kikristo, ila kalamu ya kufutia iko mkononi mwa anayedai. Paulo alijua hivyo alipomwandikia Filemoni kuhusu Onesimo: hakumwambia kwamba yaliyopita yamepita, alisema deni lihesabiwe juu yake yeye Paulo. Maskini asiye na kitu bado ana miguu ya kwenda na mdomo wa kusema nilikuchukulia. Aliyekufa ana watoto.

Imani hii ya toba isiyomfikia jirani ina ubaya mwingine usiotajwa sana, nao ni vile inavyomgeukia aliyeumizwa. Mkosaji akishajitangaza msafi, anayebaki na doa ni mwenye kidonda. Mjane aliyenyang'anywa kibanja na shemeji zake anaambiwa ana uchungu moyoni, kwamba asiposamehe na kusahau hata maombi yake hayatasikilizwa. Mke aliyepigwa anapewa mistari ya uvumilivu, huku mpigaji akipewa kiti cha mbele kwa kuwa ametoa ushuhuda. Kusamehe ni amri, sibishani. Lakini ni amri aliyopewa mjane kwa ajili ya nafsi yake, na shemeji hana haki ya kuidai kama kodi. Mjane anaweza kumsamehe shemeji saa hii na asubuhi akaenda baraza la ardhi kudai kibanja chake, bila kuvunja amri yoyote. Mzee wa kanisa anayemzuia asiende, eti ndugu katika Kristo hawashtakiani, ajiulize kwanza kama amewahi kumfuata shemeji na kumwambia arudishe.

Hakuna haja ya semina wala kamati mpya. Padre aliye kwenye kiti cha maungamo anaweza kuuliza swali moja zaidi, na mchungaji anayeongoza sala ya toba anaweza kuuliza hilo hilo kabla ya kusema amina: kitu cha nani kiko kwako? Katekista anaweza kuwafundisha watoto wa kipaimara kwamba Zakayo hakukumbukwa kwa kupanda mkuyu tu. Na wewe mnunuzi uliyeandika majina ya watu wakati mibuni ikiwa na maua, msimu haujaisha. Lipitie daftari lako jina kwa jina, uwaendee wenyewe uwape bei ya mzani, kisha Jumapili uje tuimbe pamoja.